Landi Nyeupe ya Nyalenda

Siku ya kwanza tulishindwa na nati moja. Spana namba 13 ilikataa kuingia, namba 14 ikazunguka bure. Baba mdogo akasema nati imeliwa na kutu. Mimi nikasema spana ndizo mbovu, zimepanuka. Tulibishana nusu saa nzima kuku wa Dani wakituangalia, na kumbe sote tulikuwa tumekosea. Nati ilikuwa ya inchi, spana zetu zilikuwa za milimita.

Land Rover za kwanza, zile wapenzi wa magari wanaziita Series One, zilitengenezwa Uingereza kuanzia 1948 hadi 1958, na bolti zake nyingi zilifuata vipimo vya zamani vya Kiingereza, Whitworth na BSF. Hakuna duka la vifaa hapa Kisumu ambalo litakuuzia spana yake leo. Kwa hivyo kabla hatujafungua hata mlango mmoja, ilibidi tuzunguke soko la Kibuye Jumapili mbili tukiulizia spana za wazee. Tulizipata kwa jamaa mmoja aliyekuwa na sanduku la marehemu baba yake, aliyekuwa mekanika wa reli. Reli ilifika hapa Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence, ikaja na karakana zake na nati zake na spana zake. Jamaa hakujua zile spana saba ni za nini. Alikuwa anaziuza kwa kilo, kama chuma chakavu.

Nieleze gari lenyewe. Ni Series One ya 1957, ile fupi ya inchi 88 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, injini ya petroli ya lita mbili, usukani kulia. Imekaa nyuma ya nyumba ya Dani, yaani nyanya yangu, Nyalenda upande wa kuelekea Dunga, tangu kabla sijazaliwa. Mimi niliijua kama banda la kuku. Nikiwa mdogo nilikuwa naagizwa, "Kimbia kwa Landi uniletee mayai." Baba mdogo ndiye aliyeamua kuifufua, baada ya kuona kwenye simu bei ambazo watu wa Nairobi na Ulaya wanalipa kwa gari kama hilo. Mimi nilikuwa nimeacha chuo kabla ya kumaliza, usiku naandikia watu vitu mtandaoni, mchana sina kazi. "Wewe si una muda," akaniambia. Ndivyo nilivyopewa msasa.

Kitu cha kwanza kinachokushangaza ukiisugua Landi ya zamani ni kwamba bodi haina kutu. Mimi nilidhani ni maajabu ya Mzungu. Ukisoma historia yake unakuta ni njaa ya Mzungu. Vita vya pili vya dunia vilipoisha, Uingereza ilikuwa haina pesa za kigeni, na chuma cha pua kilikuwa kinagawanywa kwa kibali. Kiwanda kikitaka chuma lazima kionyeshe kinauza bidhaa nje. Kampuni ya Rover ilikuwa inatengeneza magari ya watu wenye heshima zao, magari ambayo wakati huo hakuna aliyeyahitaji. Mhandisi wake mkuu, Maurice Wilks, alikuwa na shamba kisiwa cha Anglesey, Wales, na shambani alikuwa na Jeep ya Willys iliyobaki kutoka kwa jeshi la Marekani. Akaona wakulima wanahitaji kitu kama kile. Wakaunda cha kwao, na tarehe 30 Aprili 1948 wakakionyesha Amsterdam. Chuma cha pua hakikuwepo cha kutosha, lakini alumini ilikuwepo, kwa sababu viwanda vya ndege za kivita vilikuwa vimepunguza kazi. Kwa hivyo bodi ikawa ya mchanganyiko wa alumini na magnesi unaoitwa Birmabright, ikanyooshwa iwe na pembe nyingi bapa ili isihitaji mashine kubwa za kukandamiza. Rangi ya kwanza ilikuwa kijani tu. Hukuwa na la kuchagua.

Rover walidhani ni gari la kuziba pengo kwa miaka miwili mitatu. Kufikia 1959 walikuwa wametengeneza 250,000. Ya milioni moja ilitoka 1976.

Lakini fremu ya chini, chasisi, hiyo ni chuma cha pua, vipande vilivyochomelewa pamoja viwe kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Maji yakiingia humo hayatoki. Na maji ya kwetu yaliingia. Mei 2020 ziwa lilipanda hadi likapita kidogo kile kiwango cha 1964, kile wazee walichokuwa wakitusimulia cha mvua za uhuru. Dunga ilifunikwa. Kwetu maji yalisimama uani wiki kadhaa, yakafika katikati ya magurudumu ya Landi, na mamba... hapana, mamba ni uongo wa binamu yangu, lakini kambare tuliwaona. Maji yaliporudi, bodi ilikuwa imekaa vilevile inang'aa ukiifuta, na chasisi ilikuwa imekuwa biskuti. Baba mdogo alipiga nyundo sehemu moja nyuma, nyundo ikazama.

Hiyo ndiyo kazi iliyotula miezi. Unakata kipande kibovu, unapima, unakata bamba jipya la milimita tatu, unachomelea, unahamia kipande kingine. Ukikata kingi kwa mpigo gari linapinda na halitanyooka tena, kwa hivyo unakwenda kidogokidogo kama mtu anayebadilisha nguzo za nyumba watu wakiwa wamelala ndani. Halafu kuna pale alumini inapogusana na chuma. Ukiongeza unyevu hapo unapata kitu kama betri: alumini inaliwa polepole na kugeuka unga mweupe. Mafundi wa zamani waliweka mpira au rangi nzito katikati. Sisi tulitumia mpira wa tyubu ya baiskeli, na hadi sasa unashikilia.

Kuna siku tuliunganisha betri tukaona moshi. Tulikuwa hatujui kwamba Landi za miaka hiyo zinafungwa kinyume: ni waya chanya unaoenda kwenye bodi, si hasi. Nyaya zote za dashibodi zikaondoka dakika hiyo. Tuendelee.

Wanunuzi wa chuma chakavu walikuwa wanapita kwetu karibu kila wiki tangu nijue kuhesabu pesa. Wanataka ile alumini. Landi ngapi za umri huu ziliishia kwa mizani, sijui kama kuna mtu aliandika, lakini pale jua kali ukiuliza mafundi wanacheka na kukuonyesha sufuria. Januari 2022 rais alipopiga marufuku biashara ya chuma chakavu nchi nzima, kwa sababu ya milingoti ya stima iliyokuwa inakatwa, tulipumua hadi Mei ilipofunguliwa tena. Aliyekuwa anawafukuza wale wanunuzi wakati wote huo ni Dani. Nilidhani ni kwa ajili ya kuku wake.

Sasa nifike kwenye rangi.

Landi yetu ni nyeupe. Siyo nyeupe ya kiwandani, ni ile nyeupe ya mabati, imepakwa kwa brashi, ukitazama karibu unaona hata nywele za brashi zimekwama ndani. Hadithi ya nyumbani ilikuwa kwamba babu aliipaka nyeupe ili samaki wasioze kwa joto. Alikuwa anabeba samaki. Aliinunua 1974 kwenye mnada wa magari ya serikali yaliyobodiwa, akawa anachukua ngege na mbuta na omena ufukweni kwenye njia ambazo gari la kawaida lingezama, maana ule udongo mweusi wa Kano mvua ikinyesha hauna mchezo. Aliyeiuza alimwambia ilikuwa gari ya idara ya samaki. Nasi tuliamini hivyo. Ilikaa vizuri, gari ya samaki ikanunuliwa na mtu wa samaki.

Nilianza kupiga msasa upande wa nyuma, kushoto. Nyeupe ikatoka kama ngozi ya kitunguu. Chini yake kulikuwa na buluu iliyoiva, karibu nyeusi. Chini ya buluu, kijani. Chini ya kijani, alumini. Nilifurahi sana, nikapiga picha, nikaita baba mdogo. Tulipofika kwenye ukingo wa juu wa lile sanduku la nyuma tukakuta vishimo vidogo vilivyozibwa kwa puti, vimepangwa safu mbili, umbali sawa, pande zote mbili. Fundi wetu wa bodi, mzee ambaye amepiga panda shuka za magari tangu enzi za Peugeot 404, aliviangalia akasema, "Hapa palifungwa wavu wa chuma." Akaonyesha na mbele, nyuma ya kiti cha dereva. "Na hapa pia. Hii ilikuwa imefungwa kote."

"Wavu wa samaki," baba mdogo akasema, akicheka.

Dani alikuwa amesimama mlangoni. Mwaka huu anafika miaka 78 na huwa hatoki nje jua likiwa kali. Alikuja polepole hadi pale nilipokuwa nimesugua, akaweka kidole kwenye ile buluu. Akaniuliza, "Nyakwara, ni nani amekutuma utoe rangi yangu?"

Hiyo "yangu" ndiyo iliyonisimamisha. Sikuwa nimewahi kusikia kwamba rangi ni yake.

Kuna sehemu ya historia ya Land Rover ambayo hupati kwenye video za wapenzi wa magari, ama ukiipata imepitwa haraka. Hii gari ilikuwa nzuri kwa mkulima, lakini kwa serikali ya kikoloni ilikuwa nzuri zaidi. Ilifika pale ambapo zamani DC alifika kwa miguu na wapagazi, na ilifika siku hiyohiyo bila kutangaza. Daktari wa mifugo aliitumia, bwana shamba aliitumia, watu waliopambana na mbung'o Bonde la Lambwe waliitumia. Polisi pia. Hali ya hatari ilitangazwa 20 Oktoba 1952 na ikaondolewa Januari 1960, kwa hivyo Landi yetu ilitoka kiwandani katikati ya hayo. Wengi tunafikiria Mau Mau ni habari ya Nyeri na Aberdare, mbali na sisi. Lakini visiwa vya Mageta na Saiyusi, humu humu ziwani, vilifanywa kambi za kizuizini. Watu walisafirishwa kutoka Mlima Kenya wakaja kufungiwa mahali ambapo babu zetu walivua samaki. Kipande cha mwisho walivuka kwa boti. Vipande vya nchi kavu walipanda kitu.

Uhuru ulipokuja, bendera ilibadilishwa na magari yakabaki. Sioni kama hilo linasemwa vya kutosha. Uliyekuwa unaogopa taa zake mbili zilizokaa karibu karibu, mithili ya macho ya bundi, uliendelea kuziogopa, ila sasa dereva alikuwa anaongea lugha unayoielewa. Wakenya wana jina la gari la polisi linalobeba waliokamatwa, Mariamu, na jina hilo limehama kutoka gari hadi gari, lori, Landi, sasa Land Cruiser. Mtu wa umri wangu akisikia Landi anafikiria safari, Maasai Mara, watalii wenye kofia. Muulize mtu wa miaka 70 hapa Nyalenda.

Mimi nilimwuliza. Jioni hiyo, baada ya chakula, Dani alisimulia, na sikuandika chochote kwa sababu ningechukua simu angenyamaza.

Ya jumla yanajulikana. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali mpya. Ilikuwa imejengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, msaada ambao Jaramogi Oginga Odinga alisaidia kuupata, ndiyo maana wazee bado wanaiita Russia hata sasa ambapo ina jina la Jaramogi mwenyewe. Odinga alikuwa tayari upande wa pili, kiongozi wa chama cha KPU. Tom Mboya alikuwa ameuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai mwaka huohuo, na mji haukuwa umepoa. Mbele ya watu wote, Kenyatta na Odinga wakarushiana maneno. Umati ukapandwa na hasira. Walinzi wa rais wakafyatua risasi, na risasi zikaendelea kando ya barabara msafara ukiondoka. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Wengine wanataja idadi kubwa zaidi ya hiyo, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti yake 2013 iliyataja mauaji haya. Odinga na wenzake wakawekwa kizuizini, na siku tano baada ya risasi hizo KPU ikapigwa marufuku. Kwenye vitabu nilivyosomea shule ya msingi, mambo haya yote hayakupata hata ukurasa.

Ya Dani ni machache. Alikuwa na miaka 22. Alikuwa anauza samaki Kibuye, akaenda Russia kuona rais, kama kila mtu. Baba yangu alikuwa mgongoni, hajafikisha hata miaka miwili. Alisikia kitu kama mahindi yanayopasuka, watu wakakimbia, naye akakimbia. Alipoteza kiatu kimoja. Kile kiatu alikirudia mara tatu kwenye hadithi: kilikuwa kipya, cha kahawia, kilikuwa na kifungo pembeni. Alifika nyumbani akamshusha mtoto, akamkagua mwili mzima kwa mikono, kidole kwa kidole, ndipo akalia.

Wiki hiyo, usiku, wanaume walikuja na Landi kumchukua kaka yake. Alirudi baada ya siku tisa. Hakuwahi kusema alikuwa wapi. Ila kuanzia hapo akisikia injini ile, ambayo ina sauti yake, kama mtu anayekohoa ndani ya ndoo, alikuwa anainuka na kwenda nyuma ya nyumba. Akifika huko anasimama tu. Aliendelea hivyo hadi alipokufa.

"Sasa fikiria," Dani akasema. "Miaka mitano, na mume wangu analeta hiyo kitu kwangu. Buluu. Anapiga honi. Amefurahi."

Hakumruhusu aingize ndani ya geti. Landi ililala barabarani siku mbili. Babu alijaribu kumweleza kwamba ni ya idara ya samaki. Dani akamwambia aweke kichwa ndani aangalie hivyo vishimo, amwonyeshe samaki anayefungiwa kwa wavu wa chuma baada ya kuvuliwa. Siku ya tatu babu alikwenda mjini akarudi na debe la rangi nyeupe, ile iliyobaki kwenye kazi ya kanisa fulani, na brashi mbili. Walipaka pamoja, wakiwa nje ya geti. Yeye alipaka kushoto, babu kulia. Walipomaliza ndipo ikaingia.

Na kweli ilibeba samaki miaka kumi na mitatu, na yeye mwenyewe alikaa kiti cha mbele na mabeseni yake. Ilipeleka watu hospitali, ikiwemo Russia. Ilipeleka maiti. Ilimleta mama yangu siku ya harusi. Kaka yake aliipanda mara moja tu, tayari ikiwa nyeupe, akashuka kabla ya kufika.

Ningependa kusema baada ya kusikia hayo mambo yalikuwa rahisi. Hayakuwa. Baba mdogo alikuwa amepata mnunuzi, mtu wa Nairobi anayekusanya magari ya zamani, na mnunuzi alikuwa ametuma orodha. Alitaka injini yenye namba yake ya asili, tulikuwa nayo. Alitaka taa za asili, moja tulikuwa nayo. Na alitaka rangi ya asili, kijani, kama ilivyotoka kiwandani. Nyeupe yetu aliiita rangi ya jua kali, na bei aliyotaja ilikuwa ya kijani. Ya nyeupe ilikuwa chini ya nusu. Tofauti hiyo ni karo ya binamu zangu wawili hadi wamalize chuo, na mimi kati ya watu wote siwezi kudharau karo.

Nimejiuliza sana hiyo "asili" ni ya lini. Wapenzi wa Land Rover wanapenda hilo neno. Oktoba 2024 Arusha ilijaa Landi kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki, wakitaka kuvunja rekodi ya msafara mrefu iliyokuwa ya Ujerumani, na Mei 2025 Nakuru nao wakafanya msafara wao. Nilitazama video zote. Ilikuwa raha, kusema ukweli, niliona magari yaliyonifanya nimeze mate. Lakini niliona pia jinsi zile za zamani zinavyorudishwa zote kwenye mwaka mmoja, mwaka ule gari lilipotoka kiwandani Solihull kabla halijapanda meli, kabla halijafika hapa na kufanya lolote na mtu yeyote. Landi yetu ilikuwa kijani kwa muda mfupi. Buluu tunaweza kukisia. Nyeupe imekuwa kwa zaidi ya miaka hamsini. Ukihesabu siku, nyeupe inashinda zote.

Baba mdogo alinijibu kwamba siku hazilipi karo. Na yeye alikuwa mtoto wa Dani kabla mimi sijawa mjukuu wake, akanikumbusha hilo pia, kwa sauti. Wiki mbili hatukuongea ila mambo ya bolti.

Injini ilikuwa imejam. Tulitoa plagi tukajaza dizeli kwenye silinda zote nne, tukaiacha siku kumi, tukawa tunaijaribu kila asubuhi kwa ile henzo ya mbele. Siku ya saba ilisogea upana wa kucha. Siku ya kumi ikazunguka. Kabureta tuliichemsha kwa maji na limau. Kuna fundi wa boti za injini pale Dunga aliyetusaidia na sumaku na waya, hakuchukua pesa, alichukua samaki wawili kutoka kwa Dani na ahadi ya kupanda. Ilipowaka mara ya kwanza ilitoa moshi mweusi, maganda ya mayai na nyumba nzima ya panya. Halafu ikatulia, ikaanza kukohoa ndani ya ndoo. Nilimtazama Dani dirishani. Alikuwa amesimama, mkono kwenye ukuta. Hakuenda nyuma ya nyumba.

Kuhusu rangi, hivi ndivyo ilivyo hadi ninapoandika. Ile sehemu niliyokuwa nimesugua upande wa kushoto, Dani aliirudishia mwenyewe, ameketi kwenye stuli, kwa brashi, nyeupe ya mabati. Haifanani na ile ya zamani, ni nyeupe kupita kiasi, unaiona ukiwa mbali. Vile vishimo alituambia tusivizibe tena, tukaacha. Baba mdogo alimpigia mnunuzi akamweleza, na mnunuzi akasema sawa, atachukua kwa ile bei ndogo na kuipaka kijani mwenyewe akiifikisha Nairobi. Baba mdogo hajamjibu. Binamu zangu wanaanza muhula Septemba.

Jumapili iliyopita tuliitoa. Giya ya kwanza na ya pili haziingii mpaka ukanyage klachi mara mbili na kuomba, kwa hivyo baba mdogo aliendesha, Dani akakaa mbele kwenye mto, mimi na fundi wa boti tukasimama nyuma tumeshika ukingo wenye vishimo. Tulipita Ring Road polepole. Watoto walikimbia kando. Vijana wa boda stejini wakapiga kelele, "Oya, Mariamu nyeupe!" wakicheka, mmoja akaomba kupiga picha. Karibu na hapo, kwenye duka la mbao, mzee mmoja alikuwa ameketi anasoma gazeti. Alisikia ile sauti kabla ya kutuona. Aliinuka, gazeti likaanguka, akasimama wima akitazama barabara. Alipotuona, na alipomwona Dani mbele na kitambaa chake cha kanisani, aliketi tena.

Dani alimpungia mkono. Kisha akamwambia baba mdogo kiti kinamchoma, na kwa nini gari linavuta kushoto.

Ni breki ya gurudumu la mbele, kushoto, silinda yake imekwama. Kesho tunafungua, kama ile spana ndogo ya reli itaingia.